Akiba Yenye Pembe

Nilipopata kazi yangu ya kwanza nilianza kupasua vijiti vya kiberiti. Nilichukua wembe mkuukuu wa kaka yangu, nikakipasua kijiti kutoka kichwani hadi mguuni, na kisanduku kimoja kikawa kama viwili. Vijiti vingine vilivunjika, vingine vilikataa kuwaka, na mara mbili niliunguza kidole. Wifi yangu, mke wa kaka, aliniona nimeinama juu ya kile kisanduku kwa makini yote, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniita mkono wa birika, na jina hilo lilinikaa pale mtaani Nyalenda miaka yote niliyoishi kwao. Sikujali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na jambo langu.

Jambo lenyewe lilikuwa ghorofani, juu ya duka moja katikati ya mji wa Kisumu. Kulikuwa na shule ndogo ya kupiga chapa pale, na kila jioni nikitoka kazini nilipita chini ya madirisha yake nikisikia zile taipureta zikidonoa karatasi kama kuku kumi waliomwagiwa mahindi. Mimi niliajiriwa katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja, kazi yangu kufagia, kukunja majora na kuwasogezea wateja viti. Shule niliiacha kidato cha pili baba alipofariki. Wasichana waliotoka kule ghorofani walikwenda kuketi katika ofisi za bandarini na za serikali, wakaitwa kwa heshima, wakalipwa mara tatu ya mshahara wangu. Nilitaka kuwa mmoja wao, na sioni haya kusema kwamba nilikitaka kile kiti kuliko nilivyotaka mume.

Ada ilikuwa shilingi mia nne kwa mwaka, na mama mwenye shule hakupokea nusu wala robo. Ilikuwa ulipe zote kwa mkupuo mmoja mwezi wa Januari, au usubiri Januari nyingine. Mimi nililipwa shilingi mia na kumi kwa mwezi.

Siku hizi vijana huniuliza nilianzaje kuweka akiba, nami huona wanataka niwape siri fulani. Hakuna siri. Nilitembea kwa miguu kutoka Nyalenda hadi mjini na kurudi, jua liwe kali au mvua inyeshe. Nilikwenda sokoni saa kumi na moja jioni, wakati mwuza nyanya anataka kurudi kwake na hana nguvu ya kubishana. Mche wa sabuni niliukata kwa uzi vipande vinane, nikatumia kimoja kwa juma. Chai nilikunywa ya rangi. Na kila nilipochota unga wa ugali nilirudisha konzi moja katika mkebe wa pembeni, hata siku ambayo unga wenyewe ulikuwa haba, kwa sababu mtu hashibi wala hafi njaa kwa konzi moja. Mwisho wa mwezi mkebe ulitoa ugali wa siku mbili ambao hakuna aliyeununua, na hapo hata wifi aliacha kucheka kidogo.

Kupunguza matumizi hakukuwa kugumu. Kilichokuwa kigumu ni kuzifanya pesa zikae. Mshahara wangu ulikuwa na ndugu wengi. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu watatu, na hao sikuwahi kuwanyima. Lakini kulikuwa pia na binamu aliyekosa nauli kila mwisho wa mwezi, na mjomba ambaye kifua chake kiliuma siku ya mshahara tu. Kwanza niliweka pesa katika kopo chini ya kitanda, kopo likapata wageni. Kisha nikafungua kitabu cha akiba posta. Kaka yangu, aliyekuwa kuli bandarini, alikiona kitabu chini ya godoro siku mtoto wake alipougua, akajua kiasi kilichomo. Hakuiba. Alikuja akaketi mbele yangu, akanionyesha mtoto anavyohema. Nilizitoa zote kesho yake, mtoto akapona, na mimi nikarudi kwenye sifuri. Sikumchukia kaka. Lakini nilijiapia kwamba akiba yangu nyingine hakuna mtu Kisumu atakayeiona.

Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu wa Asembo Bay. Kwetu dada ya baba huitwa waya, na waya huyu alinipenda kama aliyenizaa, kwa kuwa yeye na mume wake hawakujaliwa mtoto. Mume wake, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa fundi wa mashua. Alikuwa akiziba nyufa za mashua za wengine kwa pamba na lami, mtu mpole mwenye mikono myeusi, fukara kabisa. Nyumbani kwake kulikuwa na boma la ng'ombe lenye ua mzuri wa mitupa. Alilipanda akiwa kijana, kwa ajili ya ng'ombe ambao hawakuja. Miaka yote niliyolijua boma lile lilikuwa likilala mbuzi wa jirani.

Kwetu ni desturi ya zamani mtu kumpa rafiki wa mbali ng'ombe amtunzie, ili mali yake isikae mahali pamoja na macho ya watu yasiionee kijicho. Mtunzaji hunywa maziwa, au hulimia ng'ombe yule, na mwenyewe hubaki kuwa mwenyewe. Wazee walifanya hivyo mbele ya mashahidi. Mimi na ujanja wangu wa mjini niliichukua nusu ya desturi ile nikaiacha nusu nyingine.

Mwaka wa sabini, nikiwa na shilingi tisini nilizozificha dukani ndani ya jora la kitambaa kisichonunulika, nilipanda basi Jumapili moja hadi Asembo. Kesho yake, kwa kuwa nilidanganya dukani kwamba ninaumwa, Mzee na mimi tulikwenda Luanda Kotieno. Pale ufukoni tulimpata mtu aliyevuka na mashua kutoka upande wa Mbita na ndama dume, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mzee alimkagua masikio, meno na kwato kwa muda mrefu, mtu ambaye hajawahi kununua ng'ombe maishani mwake. Nilimpa pesa kwa siri, akazitoa yeye. Tulimwongoza ndama kwa kamba njia yote hadi nyumbani, na Mzee hakukubali nimsaidie kushika kamba hata mara moja.

Jioni ile, mbele ya moto, niliwafundisha wote wawili la kusema. Nilitaka pasiwe na mlango wa mtu kuingilia. Kama ndugu zangu wangejua, ndama angekuwa nauli na dawa ya kifua kabla hajaota pembe. Kwa hiyo akiulizwa yeyote, jibu ni moja: ni wa Mzee, alimnunua Luanda Kotieno kwa pesa ya mashua. Mzee alikataa mwanzoni. Alisema mtu mzima hadanganyi juu ya ng'ombe, hata kama anaweza kudanganya juu ya mambo mengine. Nilimbembeleza, nikamwambia ni miaka mitatu tu. Waya aliniangalia, akasema jibu lile polepole kama mtoto anayejifunza sala. Nikamrudisha pale alipokosea.

Basi miaka miwili na zaidi nilikwenda Asembo kila nilipopata nafasi, kwenda kuitazama akiba yangu ikiota pembe. Nawaambia vijana hakuna kitabu cha posta kinachofurahisha vile. Alinenepa, shingo ikavimba, mgongo ukang'aa. Waya alianika omena, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba, nami nilikaa naye nikimweleza mambo yangu ya vijiti vya kiberiti na konzi za unga, akicheka na kuuliza maswali. Hapakuwa na mtu mwingine niliyeweza kujivuna mbele yake.

Aliyebadilika zaidi ni Mzee. Alifagia boma kila asubuhi. Alimpeleka ndume kunywa maji ziwani yeye mwenyewe, akitembea nyuma yake mikono mgongoni, mwendo ambao sikuwahi kumwona nao. Watu walianza kumwomba ndume kwa ajili ya kulima, naye alikuwa akifikiri kwanza kabla ya kujibu. Wazee waliokuwa wakimsalimu wakipita sasa walisimama. Siku moja nilimkuta akiwaeleza wanaume watatu jinsi alivyomchagua ndama yule kwa kutazama masikio. Aliponiona alikohoa, kisha akaendelea. Nilijifunika leso nikacheka, nikifurahi kwamba siri yangu inatunzwa vizuri hivyo.

Ilipofika mwezi wa Novemba wa mwaka wa sabini na mbili nilikuwa nimekwisha panga kila kitu. Tungemuuza ndume wiki ya Krismasi, wakati wanaume waliotoka Nairobi wanataka nyama, na kwa bei ya wakati ule angeleta mia nne na hamsini bila shida. Nilikwenda ghorofani nikamwambia mama mwenye shule aniandike. Aliniandika kwa penseli.

Wiki ile ile wanawake wauza samaki wa Asembo walimwambia wifi sokoni kwamba Mzee amefariki. Alikuwa amelowa mvua akifanya kazi kwenye mashua, akashikwa na kifua, na siku ya nne akaaga. Nililia kweli. Nilikuwa nampenda. Lakini ndani ya basi, nikiwa nimeketi kando ya kaka, katikati ya machozi niligundua kwamba ninapiga hesabu: nani anamlisha ndume, na Krismasi bado wiki ngapi. Nikajionea aibu, nikaendelea kupiga hesabu.

Tulipofika tulikuta siku ya buru. Ni siku ambayo wanaume huwatoa ng'ombe wa nyumba yenye msiba na wa majirani, wakawakimbiza kwa mikuki na nyimbo hadi nje ya mipaka, kuifukuza mauti iliyomchukua mtu wao, kisha wakarudi nao kwa vumbi na vishindo. Ng'ombe wa marehemu hutangulia. Nilisimama kando ya njia na wanawake wengine, nikaona vumbi likija kutoka upande wa ziwa, na mbele ya vumbi nikamwona ndume wangu mwekundu, amevishwa majani ya kutambaa shingoni na kwenye pembe, anakimbia kama aliyezaliwa kwa kazi ile. Mwanamke mmoja kando yangu alisema kwa sauti ya mshangao kwamba kumbe fundi wa mashua amekwenda kama mwanamume. Halafu wakamfunga kwenye mti karibu na boma, na nikaona mtu ananoa kisu.

Sikumbuki nilivyofika kwa kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, ndiye aliyekuwa akiamua mambo yote ya matanga. Nilimvuta pembeni nikamweleza yote haraka haraka, shilingi tisini, Luanda Kotieno, shule ya kupiga chapa. Alinisikiliza hadi mwisho na hakunikasirikia. Aliniuliza nani alikuwepo nilipotoa pesa. Nikasema marehemu. Akaniuliza kama baba yangu mdogo anajua, au mama, au huyu kaka niliyekuja naye. Nikasema hakuna anayejua.

"Mama," akaniambia, ingawa ningekuwa mjukuu wake, "kama si wake nitamfungua sasa hivi mwenyewe, na watu wataenda na njaa. Wacha niulize mjane."

Nilimfuata hadi mlangoni. Waya alikuwa ameketi sakafuni karibu na jeneza, amevaa koti la mume wake kama mjane anavyofanya kwetu, koti lenye madoa ya lami, mikono yake imepotea ndani ya mikono ya koti. Yule mzee wa fimbo aliinama akamuuliza kwa sauti ya chini ng'ombe yule ni wa nani. Waya aliinua uso, akaniona nimesimama mlangoni. Nina hakika aliniona. Tulitazamana.

"Ni wa Mzee," akasema. "Alimnunua Luanda Kotieno. Kwa pesa ya mashua."

Hakukosea hata neno moja.

Yule mzee alitoka akaniangalia kwa huruma, akaniambia majonzi humchanganya mtu na nimekuja safari ndefu, niende jikoni nipewe chai. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko kama angenitukana. Nilikwenda nyuma ya boma nikaketi kwenye majani, nikaziba masikio, lakini ndume ana sauti kubwa. Baadaye wakagawa nyama. Wakaniletea yangu kwenye sahani ya bati, kipande kizuri cha mbavu, wakijua nimetoka mjini. Sikukigusa.

Kaka ndiye aliyenikuta pale. Habari zilikuwa zimemfikia tayari, maana matangani habari hazichelewi. Nilingoja anicheke au anigombeze kwa kumwaibisha mbele ya wakwe wa shangazi. Aliketi kando yangu, akavua kofia.

"Si ungeniambia tu," akasema. "Mimi ningekuwa shahidi yako. Ulifikiri nitakula ng'ombe yako?"

Ndivyo nilivyofikiri. Alikuwa na mikono iliyopasuka kwa kubeba magunia, na mimi niliishi kwake miaka mitatu bila kulipa kodi, na nilikuwa nimemficha kana kwamba ni mwizi. Alikaa na mimi mpaka nikamaliza kulia. Ile sahani ya nyama aliitazama, kisha akaisukuma mbali na yeye pia, naye alikuwa na njaa.

Januari ilipita. Nilipita chini ya madirisha yale siku ya kwanza ya masomo, nikabadilisha njia, nikawa napitia barabara nyingine ndefu zaidi kwa muda wa mwaka mzima. Asembo sikwenda tena. Salamu sikutuma. Niliyoyasema juu ya waya siku zile, mbele ya wifi na mbele ya ukuta, siwezi kuyaandika hapa. Nilisema ameuza damu yake kwa sahani za nyama. Na akiba nikaiacha. Nilinunua viatu vya kisigino nisivyokuwa na mahali pa kwendea, nikanywa soda hotelini kila Jumamosi, nikatupa wembe wa vijiti vya kiberiti. Ilikuwa ni hasira, na hasira ile ilinigharimu mwaka mzima kabla sijaanza tena.

Kaka ndiye aliyenirudisha. Alinipeleka posta mwenyewe, tukafungua kitabu kingine, na jioni akakiweka mezani mbele ya mke wake akasema kitabu hiki ni cha masomo, kitakaa katika sanduku la wifi, na sote watatu tunajua kilichomo. Mgonjwa akitokea tutatafuta kwingine. Nilidhani ni maneno tu. Lakini mgonjwa alitokea, naye mjomba wa kifua alitokea, na wote wawili wifi aliwatoa mlangoni kwa adabu, akisema pesa ile si ya dada peke yake. Nilianza kupanda pole pole. Mama aliugua mwaka wa sabini na nne na nusu ya kitabu ikaenda kwake, na hakuna aliyejuta.

Mwaka uliofuata, siku moja ya Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa nje ninafua nikamwona mwanamke mwembamba anakuja kati ya nyumba, akiuliza mlango kwa mlango. Alikuwa na kikapu kichwani na mkebe wa kakao umefungwa ndani ya leso. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Nilifikiria kuingia ndani nijifiche. Wifi alikwishamwona, akamkaribisha, akampa maji, akatutolea viti viwili kivulini, kisha akaingia ndani na watoto bila kuambiwa.

Waya hakuanza na salamu ndefu. Aliweka mkebe kwenye mapaja yangu, nao ulikuwa mzito. Ndani kulikuwa na shilingi na sumni na senti kumi kumi, na noti chache zilizokunjwa mara nyingi, zote zikinuka omena. Alisema tangu siku ile, kila alipoanika omena za kuuza alitoa konzi moja kutoka kila fungu akaiweka pembeni, kama mimi nilivyomwambia nafanya na unga. Konzi zile aliziuza peke yake na pesa yake hakuila. Kulikuwa na shilingi mia mbili na sitini. Alisema anajua ndume alikuwa na bei zaidi, lakini omena ni wadogo.

Nilimuuliza nililotaka kumuuliza miaka mitatu. Sikumuuliza kwa upole. Nilimuuliza kwa nini alinifanya mwongo mbele ya watu, mimi niliyemwamini peke yake katika ukoo mzima.

Alivuta leso akaifunga upya kiunoni.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "wewe ulikuwa na miaka mbele yako. Yeye alikuwa na siku moja tu, ile."

Nilikaa na mkebe mapajani. Nilimwona tena Mzee akitembea nyuma ya ndume, mikono mgongoni, na lile boma alilolipanda akiwa kijana. Nikakumbuka kwamba jibu lile mimi ndiye niliyempa, tena nikamrudisha pale alipokosea mpaka akalisema sawasawa. Nililia, na waya alilia, na wifi ndani ya nyumba akaanza kuimba kwa sauti kubwa ili tusione haya.

Pesa nilizipokea. Kuna watu wakisimulia mambo kama haya husema walizikataa, au walizirudisha kwa siri kwenye kikapu. Mimi nilizipokea na kuzipeleka posta kesho yake, na karani alizihesabu akiwa amekunja pua. Kuzikataa kungekuwa ni kumwambia mwanamke yule kwamba konzi zake si kitu.

Januari ya mwaka wa sabini na sita nilipanda ngazi zile. Ada ilikuwa imepanda pia, ikawa mia tano, nikalipa zote kwa mkupuo, noti na sarafu. Wiki za kwanza tulipiga herufi zile zile mpaka vidole vikavimba. Mwezi wa tatu mwalimu alitwambia kila mmoja atunge barua yake mwenyewe, fupi, isiyo na kosa. Wenzangu waliomba kazi katika ofisi za kubuni. Mimi niliandika mistari miwili. Mwalimu aliisoma akaniuliza hii ni barua gani, nikamwambia ni ya shangazi yangu, hajui kusoma lakini atasomewa. Alinionyesha kosa moja la nafasi, nikaipiga tena upya hadi ikawa safi.

Niliituma kwa wale wanawake wauza samaki. Kaka ndiye aliyekuwa Asembo siku ilipofika, akanisimulia. Waya alimwita msichana wa jirani aliyekuwa darasa la tano, akamwambia asome kwa sauti, na watu waliokuwa wakianika omena karibu wakasikia. Msichana akasoma: Waya mpendwa, ndume mwekundu alikuwa wa Mzee. Alimnunua Luanda Kotieno kwa pesa ya mashua.

Waya alimwambia aisome mara tatu. Kisha akaikunja karatasi, akaingia ndani, akaitia katika mfuko wa lile koti lenye madoa ya lami.